Taiko Imo, Isukuti Haimo: Kweli na Uongo Kuhusu Sauti za Kinanda

Karibu kila kinanda cha kielektroniki kinachouzwa madukani Kakamega kina ngoma ya taiko ya Kijapani ndani yake. Kina koto, kina shamisen, kina sitar ya Kihindi na zumari la Waskoti lile lenye mfuko. Bara zima la Afrika limepewa kalimba na agogo, basi. Ngoma ya isukuti haimo, kinubi cha litungu hakimo, zeze la shiriri halimo. Orodha hiyo ya sauti 128 ilikubaliwa na watengenezaji mwaka 1991 kwa jina la General MIDI, ili wimbo uliopangwa kwenye kinanda cha kampuni moja usigeuke kichekesho kwenye kinanda cha kampuni nyingine. Namba 1 ni piano, 41 ni fidla, 57 ni tarumbeta, 117 ni taiko. Sidhani mezani pale palikuwa na mtu wa Shinyalu, wanakopiga isukuti.

Kwa mpiga kinanda wa huku, shida huanzia hapo. Jumapili kanisani anatakiwa atoe fidla. Harusini anaombwa tarumbeta. Matangani kuna mzee atakayetaka gitaa kavu la zamani, na vijana wa mashindano ya muziki ya shule watataka ngoma za kwao. Sauti ikitoka kama mchezo wa simu, kila mtu ana ushauri. Ushauri huo hupita mdomo kwa mdomo katika mazoezi ya Jumamosi. Baadhi yake ni kweli, mwingi ni porojo.

“Nunua kinanda ghali, sauti halisi itakuja yenyewe.”

Uongo, ingawa una punje ya ukweli. Mwaka 1983 Yamaha walitoa DX7, kinanda kilichouzwa Marekani kwa karibu dola 2,000, fedha nyingi kwa wakati ule. Kilitumia njia aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967: wimbi moja la sauti linatikiswa na wimbi jingine kwa kasi kubwa, na katika mtikisiko huo huzaliwa milio mipya. Kengele za DX7 zilishangaza watu, na piano yake ya umeme ilitawala nyimbo za mapenzi za muongo ule. Fidla yake, kwa upande mwingine, haikumdanganya mtu aliyewahi kusikia fidla. Mnunuzi alilipa bei moja, akapata kengele nzuri na fidla mbovu ndani ya boksi lile lile.

Fedha hununua kitu kimoja cha maana, nacho ni mguso. Chini ya kila kibonye cha kinanda kinachohisi mguso kuna swichi zinazopokezana, moja ikiguswa kabla ya nyingine. Kinanda hupima muda uliopita kati yao na kuugeuza kuwa namba, kuanzia 1 hadi 127. Kinachopimwa, basi, ni kasi ya kidole. Unaweza kugandamiza kibonye kwa misuli yote kama unayesonga ugali wa watu arobaini, na kama kidole kilishuka polepole, sauti itatoka ndogo tu.

Yamaha PSR-E273 haihisi mguso; kila noti hutoka kwa kishindo kimoja. PSR-E373 inahisi. PSR-E473 inahisi, ina gurudumu la kupinda sauti, na inaweza kunasa sauti fupi kutoka nje. Ukiwa dukani usibabaishwe na idadi ya sauti iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Omba kinanda kiwashwe, uliza kama mguso haujazimwa, kisha bonyeza noti moja taratibu na uirudie kwa haraka. Kama hakuna tofauti yoyote, mshukuru muuzaji utoke.

“Ala hutambulika kwa mlio wake ukishatulia.”

Hakuna anayelitamka hili waziwazi, ila wapigaji wengi hulifanyia kazi. Wanabonyeza noti moja ndefu, wanaisikiliza ikivuma, wanageuza vipimo hadi uvumaji uwapendeze, kisha wanashangaa kwa nini wimbo wenyewe bado unasikika wa plastiki.

Uongo mtupu. Sikio la mtu huitambua ala katika sehemu ndogo sana ya mwanzo, kabla noti haijatulia: ukucha ukikwaruza waya, upinde ukishika, mdomo ukiachia pumzi, nyundo ikigonga. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio mjini Paris, alirekodi kengele kwenye santuri akaondoa kile kishindo cha kwanza cha kugongwa. Kilichobaki hakikuwa kengele tena. Kilisikika kama ala ya kupuliza ya jamii ya zumari. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Marekani, Saldanha na Corso, waliwapa wasikilizaji waliofundishwa muziki rekodi za ala mbalimbali, nyingine zikiwa zimekatwa mwanzo wake. Walipokosa mwanzo, hata masikio yale ya kazi yalianza kubabaika.

Jaribio hili halihitaji maabara. Rekodi gitaa kwa simu yako, noti moja moja. Fungua rekodi hiyo katika Audacity, programu isiyolipiwa, ukate sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde katika kila noti, kisha umsikilizishe rafiki bila kumwambia ni nini. Ukilifanya na filimbi na tarumbeta vilevile, utapata majibu ya kuchekesha.

Roland walilielewa jambo hili vizuri kuliko wengi. Mwaka 1987 memori ya kuhifadhi rekodi ilikuwa bado ghali mno, kwa hiyo kinanda chao cha D-50 kilibeba vipande vifupi tu vya mianzo halisi: pumzi ya filimbi, kishindo cha waya, mguno wa upinde. Mwili wa noti uliobaki ulitengenezwa na mashine. Watu wakaamini wamesikia ala nzima.

Kwenye skrini ya kinanda chako utaona maneno manne: ataki, dikei, sasteini na rilisi. Huo ni utaratibu uliotokana na kazi ya Robert Moog katikati ya miaka ya 1960, alipotengeneza vifaa kwa agizo la mtunzi Vladimir Ussachevsky. Ataki ni muda wa noti kupanda hadi kileleni. Dikei ni muda wa kushuka kutoka pale. Sasteini ni kiwango inachokaa wakati kidole bado kiko kwenye kibonye, na rilisi ni muda wa kufa baada ya kidole kuondoka. Ala yoyote ya kudonolewa, iwe gitaa, litungu au nyatiti, haina sasteini hata kidogo: waya ukishaachiwa hakuna kinachouongezea nguvu. Weka sasteini sifuri na dikei ndefu. Litungu linalovuma bila kukoma kwa sababu kidole kimesahaulika kwenye kibonye limekuwa kinanda tena. Filimbi ni kinyume chake: ataki yake haina haraka, sasteini iko juu, na bila kelele kidogo ya pumzi mwanzoni itabaki mluzi wa birika.

Rilisi ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwenye piano ya kweli, nyuzi za juu kabisa hazina vizuizi vya kuzinyamazisha, kwa hiyo noti zile huendelea kulia hata kidole kikiondoka. Piano yako ya kutengeneza ikikatika ghafla kule juu, sikio litajua kuna kasoro, hata kama mwenye sikio hawezi kuieleza.

“Kupiga kwa nguvu ni kuongeza volyumu.”

Uongo, na huu ndio unaoharibu tarumbeta za harusi zetu. Jean-Claude Risset, Mfaransa aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani katika miaka ya 1960, aliichambua sauti ya tarumbeta kwa kompyuta akaona kwamba kadiri inavyopulizwa kwa nguvu ndivyo milio yake ya juu inavyozidi kujitokeza. Tarumbeta ya upole ni ya mviringo, ya nguvu inang’aa hadi kuchoma. Hata ndani ya noti moja, milio ya juu huingia ikiwa imechelewa kidogo nyuma ya ile ya chini, na kuchelewa huko ndiko kunakoifanya midomo na shaba visikike.

Kwa hiyo mguso wa kidole usiunganishwe na volyumu peke yake. Uunganishe na filta pia. Filta huzuia milio ya juu. Unataka kidole cha polepole kiiache imefungwa na kidole cha haraka kiifungue. Ifungue kwa kuchelewa kidogo, sehemu chache za mia za sekunde, na tarumbeta itaanza kuwa na mdomo. Kanuni hii inafaa kwa piano, kwa gitaa na hata kwa ngoma. Kama kinanda chako kinakuruhusu kubadilisha kitu kimoja tu ndani ya sauti, badilisha hiki.

Halafu kuna mapafu. Hakuna mpiga tarumbeta anayeshika noti moja kwa mistari minne ya pambio. Jeshi la Wokovu lina makao makuu ya eneo lake la Kenya Magharibi hapa hapa Kakamega, na bendi zake za shaba ni darasa la bure: sikiliza wanapovuta pumzi, sikiliza noti zinavyokatika mwishoni mwa kila kifungu. Inua mkono wako pale ambapo wao wangevuta pumzi. Hakuna kitufe kinachofanya kazi hiyo.

“Weka mwangwi mwingi, sauti itapata uhai.”

Uongo. Makanisa mengi ya huku yana paa la mabati na sakafu ya saruji, na ukumbi wenyewe tayari unatoa mwangwi wa kutosha. Ukiongeza wa kinanda, mianzo ya noti, ambayo ndiyo kila kitu, inazama. Mazoezini nyumbani tumia kidogo. Ukumbini zima kabisa kisha urudishe tone kwa tone. Na mvua ya alasiri ya Kakamega ikianza juu ya mabati, piga nyimbo za taratibu usubiri. Dhidi ya hiyo hakuna vipimo.

Ndugu ya uongo huu ni ule usemao fidla ni lazima itetemeke muda wote. Mpigaji wa kweli huanza noti ikiwa imenyooka, mtetemo huingia baadaye, mara tano hadi saba kwa sekunde, na noti fupi hazitetemeki kabisa. Zima mtetemo wa kiwandani kama kinanda kinaruhusu, uuingize mwenyewe kwa gurudumu noti ikishakaa.

“Ikisikika vizuri kwa hedifoni, itasikika vizuri popote.”

Uongo, na si kosa la masikio yako. Piano nyingi za vinanda zimerekodiwa kwa maikrofoni mbili zilizowekwa mahali tofauti, moja kwa kila sikio. Kwa hedifoni unasikia piano pana, imekuzunguka. Ukumbini, fundi wa mitambo huiunganisha mikondo yote miwili kuwa mmoja, kwa sababu spika zote hutoa sauti moja. Mawimbi yaliyofika kwenye maikrofoni kwa nyakati tofauti sasa yanagongana, mengine yanafutana, na piano nene ya nyumbani inatoka nyembamba kama debe. Watu wanamlaumu mpigaji, mpigaji anamlaumu fundi, fundi anazilaumu spika.

Tafuta sauti ya piano iliyoandikwa mono. Kama haipo, fanya mazoezi ukiwa umechomeka kebo moja tu kwenye spika moja, ndipo uchague sauti. Vinanda vyenye matundu mawili ya kutoa sauti mara nyingi huandikwa L/L+R kwenye tundu la kushoto. Kebo moja ikiingia hapo peke yake, kinanda hukuunganishia mikondo chenyewe. Kinachosikika hapo ndicho waumini watakachosikia.

“Ukichagua sauti ya gitaa, umeshapiga gitaa.”

Uongo. George Mukabi, mzaliwa wa Kisa aliyefariki mwaka 1963, aliupa mtindo wa Omutibo jina kubwa kwa gitaa moja, kidole gumba kikitembeza besi na kidole cha shahada kikidonoa wimbo juu yake. Mtindo huo hauna kiganja kizima kinachoshuka mara moja. Mpiga kinanda anapochagua sauti ya gitaa la nailoni kisha akabonyeza do, mi, so kwa pamoja, zikiwa zimebanana, amepiga kitu ambacho mkono wa Omutibo haufanyi.

Gitaa lina nyuzi sita, na waya mmoja hautoi noti mbili. Mojawapo ya kodi za kwanza anazofundishwa mwanafunzi wa gitaa, kwa wale waliokulia kwenye kwaya na tonik solfa, imepangwa hivi kutoka chini: do, so, do, mi, so, do. Ona jinsi mi ilivyo moja tu, na ilivyo juu. Panga mkono wako wa kinanda hivyo, tena usishushe noti zote pamoja. Zitiririke kutoka chini kwenda juu kwa upesi, kama waya zinavyofuatana. Kwa Omutibo, acha kodi kabisa. Mkono wa kushoto uwe gumba, noti moja moja, zikiwa kavu. Mkono wa kulia uwe kidole kimoja cha shahada. Usishuke chini ya waya mnene wa gitaa, ile E ya chini yenye mitetemo 82 kwa sekunde, maana chini ya hapo hakuna gitaa la kawaida.

Na ile chupa ya Fanta ya nyimbo za Omutibo, iliyokwaruzwa mikunjo yake kwa chuma? Katika seti ya ngoma za General MIDI iko guiro, namba 73 ya mkwaruzo mfupi na 74 ya mrefu. Kata milio ya chini, pandisha noti kidogo, uipige ikiwa hafifu. Chupa hiyo.

“Ala isiyo kwenye orodha haiwezekani.”

Uongo, na hapa ndipo penye raha. Chukua shiriri, zeze la waya mmoja lenye kisanduku kilichowambwa ngozi. Anza na fidla, namba 41. Kwanza geuza kinanda kiwe mono (si ile mono ya spika), yaani noti moja kwa wakati, kwa sababu waya ni mmoja. Pili, washa portamento fupi ili noti iteleze kwenda kwa jirani yake. Kidole cha mpiga shiriri kinakutana na waya hewani, hakuna ubao wa kuukandamizia, na mteremko huo ni nusu ya utamu wake. Tatu, kata milio ya chini na uinue ile ya kati hadi sauti itoke puani. Mwisho tandika chini yake kelele nyembamba, kwa kipimo kidogo sana, iwe mkwaruzo wa upinde. Usiunganishe noti zote. Kila upinde unapogeuka, noti huanza upya, na wewe inua kidole uanze upya.

Litungu, kinubi cha Wabukusu wa kaunti jirani ya Bungoma, lina njia yake. Mwaka 1983 Kevin Karplus na Alex Strong walichapisha hila rahisi: chukua kelele fupi kabisa, izungushe kwenye kitanzi, na katika kila mzunguko ipunguze makali. Kelele hiyo hugeuka mlio wa waya uliodonolewa, ukififia wenyewe. Programu ya Surge XT, ambayo haiulizi hata shilingi, ina kifaa cha kutoa mlio wa waya kwa njia hiyo. Kompyuta mpakato ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro inatosha kuibeba.

Anayesema noti za litungu hazimo kwenye kinanda yuko sahihi nusu. Vibonye vya kiwandani vimegawanya sauti kwa hatua sawa, kila hatua ikihesabiwa senti 100, ilhali mwenye litungu hukaza nyuzi zake kwa sikio. Lakini vinanda vingi vya leo vina sehemu ya kurekebisha skeli, ambapo kila noti inaweza kupandishwa au kushushwa senti chache. Wapiga taarabu wa Pwani wanaijua kazi hii: maqamu ya Rast inahitaji noti ya tatu na ya saba zishuke karibu senti 50 kutoka zilipo kwenye kinanda. Yamaha hutengeneza hata vinanda vya mfululizo wa PSR-A kwa ajili ya muziki wa Kiarabu. Wabukusu hawajatengenezewa chao, ila njia ni ile ile. Mkalishe mpiga litungu kando yako, adonoe waya mmoja mmoja, nawe usogeze senti mpaka milio miwili iache kugombana.

“Ukinasa isukuti vizuri, unayo isukuti.”

Nusu kweli. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikiandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Ni ngoma ndefu za kubebwa kwapani, zinapigwa kwa mikono, na ngozi yake ya asili ni ya kenge, nyembamba na yenye mlio mkali.

Kosa la kwanza ni kunasa pigo moja na kulirudia. Sikio hukamata mara moja mapigo yanayofanana kabisa, na ngoma inageuka bunduki ya rashasha. Mkono wa mtu haupigi mahali pamoja mara mbili. Nasa mapigo ya katikati ya ngozi na ya ukingoni, ya upole na ya nguvu, kila moja mara kadhaa, kisha yapokezane. Kosa la pili ni kurekodi ngoma kubwa pekee na kuzitoa nyingine mbili kwa kuipandisha. Sampuli inayopandishwa oktava moja huchezwa kwa kasi maradufu, kwa hiyo muda wake unakatika nusu na mwili wa ngoma unakuwa wa katuni. Rekodi zote tatu. Rekodi nje, uwanjani, simu ikiwa umbali wa hatua moja au mbili, na si chini ya mabati.

Kosa la tatu ni lile linalofanya nusu ya pili iwe uongo. Kinanda kina kitufe cha kunyoosha mapigo, kila moja likae kwenye mstari wake. Kwa isukuti kizime. Ngoma tatu hupishana na kujibizana, na yule wa ngoma kubwa humsogelea mchezaji aliyeingia uwanjani akabadilisha pigo palepale kwa sababu ya bega moja lililotikisika. Hilo halinasiki.

“Vinanda vimeua isukuti.”

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sababu zilizotajwa ni nyingi: wapigaji wengi ni wazee na hawana warithi, fedha za kutengenezea ngoma na mavazi hazipo, watunzi wanapendelea muziki wa biashara, na watazamaji wenyewe wanavutwa na burudani za kisasa. Kinanda kimo katika huo muziki wa biashara, tusijidanganye. Mwenye sherehe akiona mtu mmoja na kinanda wanamgharimu kidogo kuliko kundi zima la ngoma, pembe na wachezaji, atahesabu tu. Hata hivyo hakuna sauti iliyotengenezwa inayoweza kumleta fahali uwanjani Khayega siku ya mapigano ya mafahali kama isukuti inavyomleta. Watu hawakimbii nyuma ya spika. Hukumu yangu: uongo, ila kinanda kilishika kamba wakati wengine wakivuta.

Ukienda Shinyalu au Ikolomani kunasa sauti hizi, omba ruhusa kwanza, andika majina ya wapigaji kwenye wimbo, na uwalipe siku hiyo hiyo.